Mwaka wa Kupiga Sawasawa

Bi Mize tulimzika Alkhamisi iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri. Nilifunga duka langu la vipuri vya pikipiki pale Chake Chake, nikafika wakati jeneza linatolewa nje, nikaingia chini yake kubeba. Zamu yangu ilipokwisha nilikimbilia mbele nikaingia tena, na tena, mpaka mzee mmoja akanishika bega akaniambia niwaachie na wenzangu wapate thawabu. Makaburini mwanawe wa kiume alisimama akasema maneno yasemwayo siku zote, kwamba mama yake amewasamehe wote waliomkosea, na kama yeye alimkosea mtu basi naye asamehewe. Watu wakaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, nikaona haya. Bi Mize aliishi zaidi ya miaka ishirini kwa jicho moja, na lile la pili nililitoa mimi, kwa mpira wa gofu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Wote waliokuwepo makaburini wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mpira uliniteleza, kwamba ilikuwa bahati mbaya tu, na hapo ndipo wanapokosea. Aliyekuwa akijua vingine alikuwa mtu mmoja, naye amekufa zamani, kwa hivyo nimebaki peke yangu na nimechoka kubaki nalo.

Watu husema Pemba hapana gofu. Kweli, sasa hapana. Lakini mwaka ule ilikuwepo hoteli ndogo upande wa Wete, juu ya ukingo unaotazama kisiwa cha Fundo, na mwenyewe, tajiri wa ng'ambo ambaye hatukumuona ila mara mbili, alitaka wageni wake wapate pa kuchezea. Nafasi ya kiwanja kizima haikuwepo, pakatengenezwa mashimo matatu tu. Mawili yalikuwa ya kawaida, nyuma ya jiko. La tatu ndilo lililopigwa picha. Unasimama juu ya ukingo, mbele yako bahari imeingia ndani ya nchi kwa mkono mwembamba, na ng'ambo ya mkono huo, hatua mia na thelathini hivi, kuna kilima kidogo chenye majani yaliyokatwa vizuri na kijibendera. Mpira unatakiwa uvuke maji. Mtu aliyekuja kulichora shimo lile alikaa siku nne, na siku zake ziliangukia maji mafu, bahari ikijaa kidogo na kutoka kidogo, kwa hivyo alichokiona ni maji asubuhi na maji jioni. Hakuna aliyemwambia kwamba ikifika bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mkono ule hukauka wote ukabaki mchanga na matope, na wanawake wa kijijini hushuka kwa makundi kuokota kombe, chaza wa mchangani, na kuchokoa pweza. Mimi nilikuwepo siku anachora. Nilikuwa namshikia kamba ya kupimia. Sikusema kitu, kwa sababu mtu aliyetoka mbali namna ile na vyombo vingi namna ile sikumdhania kwamba kuna asichokijua.

Niliajiriwa kukata majani. Mwalimu Sadiki aliletwa kutoka bara kuwafundisha wageni. Alikuwa amewabebea watu mifuko ya fimbo za gofu nusu ya umri wake, mpaka akaujua mchezo kuliko waliokuwa wakimbebesha. Tulilala chumba kimoja nyuma ya banda la dobi, vitanda viwili vya chuma, dirisha moja la wavu, na ukuta wa mbao uliotutenga na ofisi ya meneja, mwembamba mpaka tulimsikia akikoroga chai. Shuka zetu zilinukia sabuni ya wageni. Mgongo wa Mwalimu ulikuwa umeshaharibika, na kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu kabla ya kuinuka, ameshika magoti, anahema kwa mdomo. Kufikia mwezi wa pili alishindwa kuwaonyesha wageni anachokisema. Akipiga mpira mmoja sawa, wa pili unachimba ardhi. Siku moja mchana tulikuwa tunakula muhogo wa kuchemsha chumbani, tukamsikia meneja akiongea na simu upande wa pili wa mbao. "Kusema anajua," alisema, "lakini kupiga hawezi. Na wageni wanataka kuona." Mwalimu aliendelea kutafuna. Akanyanyua mkono wangu kutoka kwenye sahani, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Faki, umewahi kushika fimbo?"

"Ya kuswagia ng'ombe."

"Hiyo hiyo," akasema.

Kupiga mpira mmoja vizuri hata kipofu anaweza, alikuwa akiniambia. Kazi ni kupiga wa pili kama wa kwanza, na wa mia kama wa pili. Alinishusha mchangani, akachora mstari kwa kisigino, akanitaka nipige mchanga mtupu, na alama ya fimbo ianzie mbele ya mstari, isiwe nyuma yake. Nilipiga mchanga wiki mbili bila kuuona mpira. Ukigonga nyuma ya mstari maana yake uzito umeubakisha kwenye mguu wa kulia, unaogopa, na Mwalimu hakuhitaji kutazama, alijua kwa mlio. Kwapani alinibanisha kumbi la nazi. Likianguka, mkono umeachana na mwili, naanza upya. Mipira ilipokuja, aliupaka uso wa fimbo unga wa muhogo. Nikipiga, unga unaruka na kubakisha duara pale mpira ulipogusa, na duara hilo halikubali kubembelezwa. Mwanzoni madoa yangu yalitapakaa uso mzima wa fimbo. Kabla upepo wa kusi haujaanza kuvuma, katika mipira ishirini, kumi na minane ilikuwa ikigusa mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati. Sijawahi kukijua kitu kama nilivyokijua kile. Mpira ukiupiga sawasawa huusikii mkononi. Fimbo inapita tu, nyepesi, na utamu wake unapanda taratibu mpaka mabegani. Nilikuwa nikila nauwaza, nikisali nauwaza. Hata leo dukani, mara moja moja spana ikikaa sawa juu ya nati nausikia kidogo, naiweka spana chini.

Kilichobaki kilikuwa kichwa. Nilikuwa nakiinua mapema, kwa hamu ya kuuona mpira unakwenda wapi, na hapo ndipo kila kitu kinapoharibika. "Macho yabaki chini," alisema Mwalimu. "Mpira ukishaondoka si wako tena." Akachukua sufuria kuukuu na mwiko jikoni, akasimama nyuma yangu, akagonga pale pale fimbo yangu ilipokuwa juu. Nilishtuka, nikakosa. Akagonga tena. Aliniita jina, alinipigia ukelele wa nyoka, alimleta mpishi anitukane, na mpishi aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja. Baada ya mwezi ningeweza kupigiwa ngoma sikioni na fimbo ikashuka vile vile. Nilitakabari. Chakula cha mchana wafanyakazi tulikula pamoja nyuma ya jiko, wali na mchuzi wa changu kwenye sinia moja, na siku moja niliwaambia wenzangu kwamba mimi nikishaanza, hata wakinililia kilio cha msiba sisimami. Walicheka sana. Mwalimu naye alicheka, lakini nakumbuka alinawa mikono kabla yetu.

Wakati huo wageni walikuwa wameanza kuilalamikia bamvua, utadhani hoteli ndiyo iliyozibua bahari. Mgeni akisimama juu ya ukingo na kuona watu chini, alipiga ule ukelele wa kutahadharisha wanaopigiana wacheza gofu: "Foo!" Chini wanawake waliduwaa, wakatazamana, wakakusanya vikapu. Baada ya siku tatu walikwenda kwa sheha wetu, na sheha akaja hotelini na watatu kati yao. Meneja aliwakaribisha ofisini kwa soda. Mimi niliitwa nikae katikati kufasiri, maana Kiswahili cha meneja kilikuwa cha vitabuni na Kipemba cha Bi Mize hakikuwa na haraka ya kumngojea mtu.

"Watwapiza," Bi Mize alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kusikilizana na watu wa kisiwa cha pili. "Kila tukishuka, fo, fo. Ntu akifa ndo husemwa kafa fofofo. Sie twatafuta kitoweo, wao watwita maiti."

Meneja alitaka kucheka, akauona uso wa sheha, akaacha. Alieleza kwamba neno lile halina ubaya, ni la kumwonya mtu ajihadhari.

"Basi hilo lao," alisema Bi Mize. "Sie tupigieni letu."

Wote wakanigeukia mimi. Nilisema bila kufikiri sana, na kwa furaha ya kijana aliyeulizwa neno mbele ya wakubwa. Nilisema kwetu muungwana akitaka kupita pa watu hupiga hodi. Basi wageni wapige hodi. Sheha aligonga goti lake kwa kiganja. "Maneno hayo! Adabu imo, na kila ntu aijua." Bi Mize alinitazama juu mpaka chini akatabasamu, akawaambia wenzake kwamba huyu kalelewa. Meneja aliliandika neno kwenye ubao wa kanuni, pale pale, herufi kubwa. Nilitoka ofisini kichwa juu. Nilikuwa nimewapatanisha watu kwa neno moja, na sikuwahi kujiona mtu wa maana kama siku ile.

Wageni walilipenda. "Hodi!" walilia kutoka juu, na kutoka chini sauti kumi zikajibu kwa pamoja, "Karibuuu!" Mpemba gani atapigiwa hodi asiitikie? Walinyoosha migongo, waligeuka, walitazama juu kuona nani anakuja, kama wafanyavyo milangoni mwao. Wengine walipunga mkono. Wageni wakapiga picha. Haikuchukua muda karibu ile ikawa ndiyo ruhusa: hodi, karibu, piga. Na pakiwa kimya maana yake hapana mtu, basi piga. Bi Mize alinipa jina, Bwana Fimbo, na akipanda na kikapu chake alipitia nyuma ya jiko akatuachia kombe juu ya jani la mgomba, akimwonya mpishi kwamba ni za Bwana Fimbo na asimwibie. Tulizipika kwa tui na ndimu. Zilikuwa tamu, na sisi tulikuwa na njaa, na hakuna aliyeona kibaya chochote katika mpango ule.

Hakuna, ila Mwalimu. Mpira wa kwanza kuwaangukia watu ulikuwa wa mgeni, ukatoboa ndoo ya plastiki, wenyewe wakacheka. Wa pili ulimkwaruza mwanamke kisigino. Akapewa dawa na kilo mbili za sukari, naye akacheka, lakini si sana. Mchana wa siku hiyo Mwalimu alikuwa amelala chali sakafuni, juu ya mkeka, ndivyo alivyoupumzisha mgongo.

"Faki, hebu nieleze. Akiitikia, mnapiga?"

"Tunapiga. Si amesikia?"

"Asipoitikia, mnapiga?"

"Tunapiga. Si hayupo?"

"Sasa hodi ya nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Mchezo huu," alisema, "ukisikia ukelele unafunika kichwa na kuinama. Kila aliyewahi kucheza anajua, hata kama hajui maana ya neno. Hawa nimewatazama leo, mmoja mmoja. Wanainuka." Kaa nikueleze nilivyofikiri, kwa sababu nimeamua kusema yote: nilifikiri mzee ana wivu. Mgongo umemkataa, sasa mimi ndiye ninayewaonyesha wageni na makofi ni yangu, na sasa analitia kasoro neno langu. Nikamjibu kwamba hatari ni ya wasiojua kupiga, na kwamba mtu anayepeleka mpira anapotaka hana wa kumuumiza. Hakunibishia. Ni yeye aliyenifundisha kuamini hivyo. Aliinuka kwa shida, akaenda kwa meneja, na mimi nikabaki nimekaa kitandani nikisikiliza ukuta. Alimwomba siku za bamvua shimo la tatu lifungwe. Meneja akamjibu, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba shimo la tatu ndiyo hoteli. Kisha kijiko kikaanza kugonga kikombe.

Kuanzia hapo nilijifundisha kwa hasira, nipate kuwaonyesha wote wawili. Niliona niko katika kazi ya kuwalinda wale wanawake. Nikipiga sawasawa kila mara, hakuna litakalowapata, na Bi Mize na wenzake wataokota kombe zao kwa amani. Kusi liliingia likavuma kutoka ubavuni, na mipira ya juu ikawa inapeperuka kwenda itakako. Mwalimu, ambaye hakuacha kunifundisha hata baada ya maneno yale, akanifundisha mpira wa chini. Unauweka nyuma kidogo, karibu na mguu wa kulia, mikono inatangulia, fimbo haipandi sana, na mpira unaondoka umelala na kuukata upepo. Kutoka juu ya ukingo wetu ulivuka mkono wa bahari juu sana ya watu wa chini, lakini ulipokaribia kilima cha ng'ambo ulikuwa unapita kimo cha mtu. Hilo nililiona. Nililiona na likanipendeza, kwa sababu mpira unaofika chini hausukumwi nje ya bendera. Niliupiga mpira ule kila siku kwa wiki sita. Mwishoni nilikuwa nikifumba macho naujua ulipoangukia.

Ndipo ikaja habari kwamba tajiri mwenye hoteli anakuja na marafiki zake. Meneja aliniita akanivalisha fulana nyeupe mpya, akaniambia nitapiga mpira mmoja mbele ya wote, shimo la tatu, saa nne ya asubuhi. Mmoja tu, alisema, lakini uwe wenyewe. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Hapana mtu Pemba anayehitaji kutazama kitabu kujua maana yake, na mimi sikuhitaji. Nilijua saa nne bahari itakuwa imetoka yote. Ningeweza kumwambia asogeze mpaka alasiri, maji yakiwa yamejaa. Lakini nilifikiri akisogeza, upepo utakuwa umekwisha, na mpira wa chini bila upepo hauna sifa. Asubuhi ile tulikuwa nyuma ya jiko tunakunywa chai na mkate wa maji, wanawake wakapita kushuka. Bi Mize aliiona fulana akapiga kigelegele, akaniuliza naoa nani. Nikamwambia leo wapo wakubwa. "Basi tutakwitikia vizuri," alisema, "wasije wakatuona hatuna adabu." Mwalimu alikuwa anawatazama wanavyoteremka, chai yake inapoa mkononi.

Walikuwa watu kumi na zaidi juu ya ukingo, wamevaa kofia, wanazungumza kwa sauti ndogo. Nilisimama, nikapanga miguu. Nilipiga hodi mara tatu, kama inavyopasa. Kutoka mbali kule, karibu na mdomo wa bahari, kundi lote likajibu kwa shangwe, wakageuka, mikono juu. Walikuwa nje kabisa ya njia ya mpira. Nilitazama zilikotoka zile sauti na nikaridhika. Kilima cha ng'ambo sikukitazama vizuri, maana watu hawapandi pale ila mwenye kikapu kizito anayetaka kufupisha njia. Upepo ulikuwa mkali na sawa. Nikainamisha macho juu ya mpira, nikavuta pumzi, nikaipandisha fimbo, na ilipofika juu nikaisikia, peke yake, kutoka kule kwenye kilima, sauti ya Bi Mize: "Karibu, Bwana Fimbo!"

Niliisikia. Nikaijua ni ya nani, nikajua inatoka wapi, na fimbo ikashuka. Mpaka leo sijui kama ningeweza kuizuia. Najua kwamba sikujaribu. Na kile kipigo ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote nilivyowahi kupiga, sikusikia kitu mkononi, ule utamu ukapanda mpaka mabegani, na nyuma yangu Mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa juu ya fimbo tu, akasema kwa pumzi, "Safi." Sikuinua kichwa. Nilifanya nilivyofundishwa, niliyakaza macho pale palipokuwa na mpira mpaka mikono ilipomaliza safari yake. Wageni walikuwa wanapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, mmoja mmoja, na wa mwisho kunyamaza alikuwa yule tajiri, ambaye hakuwa amevaa miwani yake ya kuonea mbali.

Bi Mize alikuwa amelala ubavu juu ya majani, kikapu kimemwagika, kiganja kimeziba nusu ya uso. Hakulia. Alikuwa akiuliza, polepole, ni nani, ni nani. Gari la hoteli lilimpeleka hospitali Chake Chake, na kutoka huko akapelekwa Unguja, lakini jicho lilikuwa limeshapasuka papo hapo na hapakuwa na la kufanywa. Meneja aliandika maelezo: upepo ulikuwa mkali, mpira ulimteleza mpigaji, ni ajali. Akanigeuzia karatasi. Niliisoma yote, nikatia saini. Shimo la tatu lilifungwa siku ile ile, na haukupita mwaka wa pili hoteli nayo ikafungwa. Mwalimu Sadiki alifunga sanduku lake wiki hiyo hiyo. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea, kwa ajili ya mgongo wake, na kabla ya kuingia garini alinishika mkono akakaa nao. "Mimi nilisema safi," aliniambia. Tuliposikia kwamba kafariki kwao bara, miaka mingi baadaye, nilimsomea Fatiha peke yangu nyuma ya duka.

Walipomrudisha Bi Mize kutoka Unguja, alikwenda kuuguzwa Mgogoni kwa dada yake. Nilichelewa kwenda. Kila Ijumaa nilijiambia Ijumaa ijayo. Nilipokwenda, mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, na nilifika nikiwa matope mpaka magotini. Raya, bintiye mkubwa, alinimiminia maji ya kuosha miguu bila ya kunitazama usoni. Chumba kilikuwa kidogo na cha giza, kitanda cha kamba, mkeka, sahani ya majimbi ya nazi imefunikwa kwa kawa wala haijaguswa. Nyuma ya ukuta wanawake wawili walikuwa wanatwanga na kuzungumza, na nilipoingia mtwangio ukasita. Bi Mize alikuwa amekaa ameegemea mto, kitambaa cheupe kimepita juu ya uso wake. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za wenzangu wote wa jikoni, kwa majina, mpaka wakaisha.

"Mwanangu, nataka nkuulize, na unambie kweli. Raya kaambiwa na watu wa hoteli kuwa weye hupiga unapotaka. Ati ukikusudia pale, wenda pale pale. Nimelala na neno hilo. Nasema, kama ndivyo, basi huyu ana nini na mie? Mie nlikwitika. Nlikwitika kwa jina lako. Jicho haliniumi kama hilo, wallahi. Silali."

Nilikuwa nimekuja nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nilikuwa nimwambie kwamba nilimsikia. Nilifungua mdomo, nikaliona lile jicho moja limenikazia, halipepesi, linangoja.

"Mpira uliniteleza, Bi Mize," nikasema. "Nilikosea."

"Hukunisikia?"

"Sikukusikia. Upepo ulikuwa mkali."

"Ungalinisikia usingalipiga."

"Nisingepiga."

Alitoa pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi. Basi mie nshakusamehe, mwanangu, tangu hapa hata kiyama. Ntu akikosea, kakosea." Akanishika mkono, huu huu wa kulia, akaupapasa mara mbili tatu, na kabla hajauachia nikaona jicho lake linafumba. Nilikaa pale sitikisiki. Nyuma ya ukuta walianza tena kutwanga, taratibu. Baadaye Raya aliingia, akamtazama mama yake, akaniashiria tutoke. Barazani alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Kalala," aliniambia. "Tangu siku ile hajalala hivi. Mwenyezi Mungu akulipe, kaka Faki, kwa ulilotufanyia."

Nikasema amin.